Karatasi kwanza: jinsi ya kulinda haki na matibabu mlipuko unapofika mtaani

Amri za wakati wa mlipuko huja kwa mdomo. Waziri anatangaza kwenye runinga, chifu anarudia kwa kipaza sauti akipunguza hapa na kuongeza pale, na usiku askari wa zamu anatia lake. Kufikia asubuhi mtaa mzima unafuata sheria ambayo hakuna aliyeiona. Kenya ilitangaza kisa cha kwanza cha Covid-19 tarehe 13 Machi 2020. Kafyu ilipoanza tarehe 27, abiria wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walikuwa wameshapigwa na kurushiwa vitoza machozi kabla saa 1 jioni haijafika.

Mwongozo huu ni wa vikundi vya mtaa, wahudumu wa afya ya jamii, wasaidizi wa kisheria na yeyote ambaye simu yake hulia kwanza jirani anapokamatwa au kufukuzwa hospitalini. Vifungu vinavyotajwa ni vya Kenya. Kwingineko nambari hubadilika, lakini kazi ya kudai maandishi ni ileile. Unahusu saa 48 za mwanzo. Baada ya hapo tafuta wakili, na umkabidhi faili, si hadithi.

Vitu vya kuwa navyo kabla

Nunua kaunta buku moja ya kurasa 200 na uchore safu saba: tarehe, saa, jina au herufi za mwathiriwa, kilichotokea, nani alisema nini, ushahidi uliopo, hatua iliyochukuliwa. Safu ya saa ndiyo watu huiruka, na ndiyo mawakili huulizia kwanza. "Jioni" haimsaidii mtu. "Saa 2:40 usiku" inamsaidia. Andika kwa kalamu ya wino, usifute. Ukikosea, piga mstari mmoja na uendelee.

Chapisha nakala 20 za ukurasa mmoja wenye Vifungu vya 25, 43 na 49 vya Katiba pamoja na kifungu cha 7 cha Sheria ya Afya ya 2017. Mlinzi wa lango la hospitali hatasoma simu yako, ila karatasi ataipeleka ndani kwa mkubwa wake, na mara nyingi hilo tu linatosha kumtoa muuguzi msimamizi ofisini.

Orodhesha wanaohitaji huduma isiyokatika: wanaosafishwa figo, wanaotumia insulini, walio kwenye ARV au dawa za kifua kikuu, wajawazito waliopita wiki ya 34. Kila mmoja akubali mwenyewe kuwekwa kwenye orodha. Orodha hiyo ikae kwa mtu mmoja, kwenye karatasi, chini ya kufuli. Isiingie WhatsApp kamwe.

Ipime amri kabla ya kuitii au kuipinga

Pata maandishi yake kwanza. Amri ya kweli ina nambari ya notisi ya kisheria katika Gazeti Rasmi la Serikali na inataja sheria mama, iwe Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, au Sheria ya Utulivu wa Umma (Public Order Act), Sura ya 56. Kwa Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, kanuni kama hizo hupelekwa bungeni ndani ya siku 7 za vikao tangu zichapishwe, la sivyo zinapoteza nguvu. Kisha tafuta mambo manne: inaanza na kuisha lini, inamhusu nani, nani ameachwa nje yake, na adhabu ni ipi. Orodha ya walioachwa nje isome mara mbili. Ruhusa ya kusafiri kwa dharura ya matibabu huwa humo, na askari barabarani ndiye wa mwisho kuijua.

Swali gumu ni kama amri imezidi kiasi. Kifungu cha 24 cha Katiba kinataka haki ipunguzwe kwa sheria tu, kwa sababu ya msingi, na pasiwe na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile. Kanuni za Siracusa za mwaka 1984, zinazotumiwa na mawakili wa haki za binadamu duniani kote, zinasisitiza hayohayo na kuongeza kwamba vizuizi viwe na mwisho na visibague. Zipo pia haki ambazo Kifungu cha 25 hakiruhusu ziguswe kabisa, mlipuko uwepo usiwepo: kutoteswa wala kutendewa ukatili, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki mahakamani, na kufikishwa mahakamani kwa amri ya habeas corpus, yaani amri ya jaji ya kumtaka anayekuzuilia akulete mbele yake.

Usichanganye kafyu na hali ya hatari. Hali ya hatari hutangazwa chini ya Kifungu cha 58, na Kenya haikuitangaza mwaka 2020. Afisa akikwambia "haki zimesimamishwa", mwombe nakala ya tangazo.

Mahakama hazikatai kila amri, na ukienda ukiamini hivyo utaumbuka. Tarehe 16 Aprili 2020 Mahakama Kuu ilikubali kafyu yenyewe ni halali, ila ikasema nguvu kupita kiasi iliyotumiwa na polisi kuitekeleza ilivunja Katiba. Desemba 2021 mahakama hiyohiyo ilisimamisha agizo la kuwanyima huduma za serikali wasiochanjwa. Kwa hiyo, panga malalamishi yako kwa namna hiyo: tenga amri na utekelezaji wake, halafu pinga kile chenye ushahidi.

Mtu akipelekwa karantini

Hapa ndipo palipoharibika zaidi. Machi 2020 wasafiri walipelekwa hotelini na kwenye vyuo vilivyogeuzwa vituo, kwa gharama yao. Kwenye vituo vya bei nafuu ilikuwa kama shilingi 2,000 kwa siku, yaani 28,000 kwa siku 14. Kisha mmoja akipatikana na virusi, siku za waliokaa naye zilihesabiwa upya, kwa kuwa walikuwa wakitumia vyoo na meza pamoja. Wengine walikamatwa kwa kuvunja kafyu wakapelekwa karantini kama adhabu, jambo ambalo kiafya halina maana: unamchukua mtu asiye mgonjwa na kumlaza karibu na anayesubiri matokeo. Mapema Mei 2020 serikali ilikubali kubeba gharama za vituo vya umma.

Sheria yenyewe iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma kinazungumzia mtu aliyekaribiana na maambukizi na ambaye makao yake hayawezi kuzuia ugonjwa usienee. Mtu huyo anaweza kuondolewa na kutengwa kwa mambo matatu kwa pamoja: cheti kilichotiwa sahihi na daktari wa serikali anayesimamia afya, amri ya hakimu, na gharama za mamlaka ya eneo. Kanuni za mlipuko husika zinaweza kuongeza mamlaka mengine. Ndiyo maana unauliza kifungu, hubishani.

Mpe aliyezuiliwa maneno haya ayaandike kwa mkono wake, nakala mbili, ya pili igongwe muhuri au itiwe sahihi na aliyeipokea:

"Kwa Msimamizi wa Kituo. Mimi ______, nilifikishwa hapa tarehe ____ saa ____. Naomba kwa maandishi: cheti cha daktari kilichofanya nizuiliwe, nakala ya amri ya hakimu, au kifungu cha kanuni mnachotumia, tarehe niliyopimwa na matokeo, tarehe ya kutoka na jinsi mlivyoihesabu, na nani analipa. Kwa kuwa ombi hili linahusu uhuru wangu, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa saa 48 kunijibu."

Saa 48 hizo ni za mambo yanayogusa uhai au uhuru. Maombi ya kawaida hupewa siku 21. Wakikataa kupokea barua, isomwe kwa sauti mbele ya mashahidi wawili, ipigwe picha ikiwa mlangoni, na saa iandikwe kwenye kaunta buku. Kukataa kupokea ni ushahidi pia.

Kagua kituo chenyewe: kitanda na kitanda viko umbali gani, maji na sabuni vipo, wanawake na wanaume wametenganishwa, aliyepimwa na ambaye hajapimwa wanalala chumba kimoja? Piga picha za vyumba bila nyuso. Mtu ana haki pia ya dawa zake za kawaida, simu, na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, ikiwemo lugha ya ishara.

Jela si karantini. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu huko Kapsabet walifungwa gerezani kwa kuacha dawa. Machi 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwafunga gerezani kwa kutumia kifungu hichohicho cha 27 kulivunja Katiba. Taja uamuzi huo mtu akiwekwa seli "kwa usalama wa wengine". Seli iliyojaa ndiyo mahali virusi vya njia ya hewa hupenda.

Hospitali ikikataa

Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya inafafanua dharura kuwa na sehemu tatu: huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuharibika, na kupanga rufaa kama kituo hakina uwezo. Taasisi yenye uwezo ikikataa inaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Kwa hiyo "hatuna kitanda" si mwisho wa mazungumzo. Jibu lake ni: "Sawa. Mpimeni, mtulizeni, na mtuandikie rufaa yenye jina la kituo kinachompokea." Mwaka 2015 mgonjwa mmoja jijini Nairobi alikaa ndani ya ambulensi kwa saa 18 akitafutiwa chumba cha wagonjwa mahututi, akafa. Rufaa bila kituo kilichokubali kupokea ni kuhamisha kifo tu.

Visingizio vya wakati wa mlipuko hujirudia. Cha kwanza ni "leta kwanza matokeo ya kipimo". Kipimo kinaweza kuchukuliwa, mgonjwa akawekwa sehemu ya wanaoshukiwa na wahudumu wakavaa vifaa vya kujikinga. Dharura haisubiri maabara. Cha pili ni amana. Kwa dharura, mazungumzo ya pesa huja baada ya kumtuliza.

Namba hushinda maelezo. Andika vipimo mlangoni: mapigo, pumzi kwa dakika, joto, na oksijeni kwenye kidole. Kipimo cha kidole kikisoma chini ya asilimia 94, mgonjwa aonwe haraka. Chini ya 90 ni ugonjwa mkali. Kidole kiwe na joto, bila rangi ya kucha wala hina, na usubiri nusu dakika namba itulie. Kumbuka vifaa hivi huwa na tabia ya kusoma juu kuliko ukweli kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mtu anayehema kwa shida mwenye 94 usimrudishe nyumbani kwa sababu ya namba. Mwambie anayekataa aandike jina lake, cheo, saa na sababu. Wengi kalamu ikitolewa hupata kitanda.

Bili. Hospitali inakudai kama mdai mwingine yeyote, na mwili wa mgonjwa si rehani. Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia akina mama Pumwani kwa sababu ya deni kulivunja haki zao. Utaratibu unaofanya kazi: omba bili yenye mchanganuo, mwone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha, kisha toa ahadi ya kulipa kwa awamu yenye kiasi unachokiweza kweli. Ahadi ya elfu 5 kwa mwezi kutoka kwa mtu anayepata elfu 9 inavunjika mwezi wa pili, na inamharibia anayefuata.

Dawa za kila siku zisikatike

Watu wengi huumizwa na kliniki iliyofungwa kuliko na virusi vyenyewe. Lenga akiba ya siku 30 juu ya matumizi. Kwa ARV, mgonjwa ambaye hali yake imetulia aombe za miezi 3 kwa mkupuo. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, hudumu kama siku 28 nje ya friji ikiwa joto halizidi nyuzi 25 au 30, kutegemea aina. Soma karatasi ya ndani ya boksi. Pasipo friji, mtungi mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga uliolowa, kivulini penye upepo, husaidia. Isigandishwe: iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka.

Wa kusafishwa figo wana ratiba, kwa kawaida mara mbili kwa wiki. Waombee barua ya kliniki yenye siku na saa za mwezi mzima, nakala kwa dereva na nakala kwa kituo cha polisi kilicho njiani. Barua ya "huyu ni mgonjwa wetu" isiyo na ratiba hukataliwa kwenye kizuizi.

Wajawazito hivyohivyo. Mwaka 2020 kafyu iliwakuta wengi usiku bila boda wala matatu, ndipo Dkt. Jemimah Kariuki akaanzisha Wheels for Life jijini Nairobi: mama anapiga simu, mtaalamu anapima hali yake kwa simu, gari au ambulensi inatumwa bure. Mtaa unaweza kuiga kwa udogo wake: madereva wawili kwa kila zamu (mmoja atazima simu), mafuta yamelipiwa mapema, na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, amepewa kwa maandishi nambari za magari hayo.

Askari

Akikamatwa mtu, saa ya kukamatwa ndiyo inaanzisha hesabu. Kifungu cha 49 kinataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mwisho wa siku ya mahakama inayofuata muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya kazi. Ndiyo siri ya kamata kamata ya Ijumaa jioni. Kuna aya fupi ambayo haitumiwi inavyostahili: kwa kosa lenye adhabu ya faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6, mtu hawekwi rumande. Kanuni za Covid za Aprili 2020 zilikuwa na adhabu ya faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi 6. Hesabu hiyo ifanye na kwa amri yoyote mpya, na umtajie msimamizi wa kituo.

Pesa taslimu barabarani si faini. Faini hutozwa na mahakama na ina risiti.

Akipigwa: hospitali kwanza, halafu OB (kitabu cha matukio cha polisi), halafu P3 (fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha). Wengi hugeuza mpangilio na kidonda hupoa kabla hakijaonwa. Picha ya jeraha ipigwe mara mbili, moja ikionyesha mwili na nyingine karibu kukiwa na sarafu kando kama kipimo, kisha tena baada ya siku 2 na 5 kwa sababu michubuko hukolea. Kwenye ngozi nyeusi mchubuko wa siku ya kwanza hauonekani vizuri, basi andika na uvimbe na maumivu. Fomu ya P3 ni ya bure. Dai nambari ya OB ukiwa bado kaunta na uinakili mwenyewe. Malalamishi dhidi ya polisi yapeleke IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, si kituo kilekile. Kwa dhuluma za kijinsia nyumbani, ambazo hupanda watu wanapofungiwa pamoja, laini ni 1195. Za watoto, 116.

Majina na maiti

Majina ya waliopimwa yakisambazwa, fungua malalamishi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya Sheria ya 2019, yenye picha ya skrini inayoonyesha saa na nambari iliyotuma. Ofisi ina siku 90 kuhitimisha. Watafutaji wa waliokaribiana na mgonjwa hawahitaji kumtaja. Wanaweza kusema tu, "ulikuwa karibu na mtu aliyepatikana na ugonjwa".

Kuhusu mazishi, Aprili 2020 huko Siaya mwili ulizikwa usiku wa manane na maafisa, na video ikazunguka nchi nzima. Haikuwa lazima. Mwongozo wa WHO wa Machi 2020 ulikuwa umeshasema hakukuwa na ushahidi wa mtu kuambukizwa na mwili wa aliyekufa kwa Covid-19, na kwamba familia inaweza kuuona bila kuugusa wala kuubusu. Ebola ni habari nyingine: huko mwili unaambukiza vikali, na timu iliyofunzwa ndiyo huosha na kuzika, familia ikisimama kando na kusali. Kabla ya kudai mazishi ya kawaida, jua ni ugonjwa gani.

Pa kupeleka faili

Daktari au hospitali: Baraza la Madaktari, KMPDC. Afisa wa serikali aliyekaa na ombi la habari: Tume ya Haki za Kiutawala. Ubaguzi dhidi ya kundi zima, kama wakimbizi au wasio na kitambulisho waliokosa chanjo: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Usitume sehemu zote kwa barua moja. Kila ofisi itaamini mwenzake anashughulika.

Na mahakama. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda kwa niaba ya mwingine asiyeweza, bila ada ya kufungua kesi, na kanuni za mwaka 2013 zinaruhusu Mahakama Kuu kupokea ombi la mdomo au hata barua ya kawaida. Barua hiyo iwe na mambo sita: nani ameumizwa, haki ipi, lini na wapi, nani alifanya, ulichokwisha kufanya, na unachoomba mahakama iamuru leo. Ambatisha kurasa za kaunta buku, picha na nakala ya barua iliyokataliwa. Kwa mtu aliyezuiliwa, andika juu kabisa, kwa herufi kubwa, "OMBI LA DHARURA: HABEAS CORPUS", na nambari ya simu ambayo haitazimwa usiku huo.